JE, MNYWAJI WA CHAI NI MTUNZA AFYA?

Mazungumzo ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Wajumbe na Wageni, katika sherehe za kutimiza miaka kumi



Kamati ya Sherehe ilipotutaka tutoe mazungumzo siku ya leo, hapana shaka wengi walitazamia kwamba tutasema habari za mizani, za mnada na za bei. Habari hizo zimo katika taarifa ya hesabu mliyokwisha kugawiwa, nazo zimekaguliwa. Sisi twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya jambo dogo, lililoko mkononi mwa kila mmoja wetu sasa hivi, yaani kikombe cha chai.

Pengine mgeni atacheka. Wakulima wa kahawa wametoka Isansa, Igamba na Itaka, wenzao wametoka Ileje na Momba, wakakutana kwa sherehe kubwa kama hii, kisha Katibu wao asimame kuwahutubia juu ya chai! Lakini tusifichane. Kahawa yetu twaichuma, twaimenya, twaikausha na kuipeleka mnadani, na sehemu iliyo kubwa huvuka bahari ikanywewa na watu tusiowajua. Kunapokucha, nyumbani mwetu hutelekwa sufuria ya chai. Hata Mswahili aliyestaftahi kwa uji na viazi, ukimwuliza, “Umekunywa chai?” atakujibu, “Nimekunywa.” Chai imekuwa jina la chakula chote cha asubuhi. (Wala hatusemi juu ya ile chai nyingine, isiyo na majani wala maji, ambayo Chama cha Ushirika hakina fungu lake katika makisio.)

Sasa swali lenyewe ni hili. Mara nyingi, wanachama wanapongoja zamu ya mizani, huzuka ubishi. Mmoja husema kwamba mtu wa chai ni mtu anayejitunza: hapigi pombe, hakeshi ovyo, huamka mapema na kushika jembe lake. Wazee nao, wanapoulizwa habari za kijana anayeposa, husema kwa kumsifu, “Huyu hana neno, ni mtu wa chai tu.” Mwingine hukataa, akisema kwamba chai haimwongozi mtu popote, kwani amewaona wanywaji wa chai waliokwisha kwa kisukari. Je, ni yupi mwenye haki? Jambo hili si la mzaha, maana linahusu miili yetu, na mwili wa mkulima ndio mtaji wake wa kwanza. Chama kikipoteza gunia, gunia laweza kulipwa. Kikipoteza mwanachama, hapana bima irudishayo mtu.

Ndugu Wanachama, swali hili wamejiuliza hata mabingwa wa nchi za mbali. Mwaka 2014, katika mkutano mkubwa wa waganga wa moyo uliofanyika Barcelona, Hispania, Profesa Nicolas Danchin wa Ufaransa alieleza habari za watu 131,401, wenye umri wa miaka 18 hadi 95, waliopimwa afya zao mjini Paris kati ya mwaka 2001 na 2008. Waliulizwa kila siku hunywa chai au kahawa vikombe vingapi, kisha wakafuatiliwa kwa muda wa miaka mitatu na nusu hivi. Ikaonekana kwamba, ukiondoa vifo vya maradhi ya moyo na mishipa ya damu, wanywaji wa chai walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 24 wakilinganishwa na wasioinywa.

Mpenda chai akisikia hayo atapiga makofi. Lakini na asubiri kidogo. Mabingwa hao walitazama pia tabia nyingine za watu wale. Katika wasiokunywa chai, asilimia 34 walikuwa wavuta sigara. Katika wanywao kikombe kimoja hadi vinne, wavutaji walikuwa asilimia 24. Wanywaji wa chai walizidi pia kuzoeza miili yao kwa matembezi na michezo. Kwa upande wa kahawa mambo yalikuwa kinyume: katika wasioigusa, wavuta sigara walikuwa asilimia 17, na katika wanywao zaidi ya vikombe vinne kwa siku, walikuwa asilimia 57. Basi swali likabaki palepale: ni chai iliyowaokoa watu wale, au ni zile tabia zao njema, na chai ilikuwa imefuatana nazo tu kama mgeni afuatanavyo na mwenyeji wake? Profesa mwenyewe hakusema kwamba amekwisha kulijua jibu.

Tupige mfano wa kwetu. Katika vyama vyetu vya msingi wapo wanachama wenye daftari, ambao huandika siku waliyopogoa, siku waliyoweka samadi, na kilo walizopeleka. Ukitazama mashamba yao, mara nyingi utakuta mibuni imestawi kupita ya jirani. Je, tuseme kwamba wino wa daftari ndio uliostawisha mibuni? Hapana. Mtu mwenye moyo wa kuweka daftari ndiye pia mwenye moyo wa kupogoa kwa wakati, wa kutandaza nyasi na kuchuma buni nyekundu peke yake. Daftari ni alama ya mkulima, si mbolea ya shamba. Huenda chai ya Paris nayo ilikuwa alama ya namna hiyo.

Hata hivyo, haifai kuinyima chai haki yake. Mwaka 2022 ulitangazwa uchunguzi mwingine, uliofanywa kwa watu karibu nusu milioni wa Uingereza, ambako chai inywewayo ni nyeusi kama hii yetu. Wale waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 9 hadi 13 kuliko wasioinywa kabisa, hata baada ya mabingwa kujaribu kuziweka kando tabia nyingine. Huenda basi jani lenyewe lina faida yake ndogo. Lakini uchunguzi wa kuwatazama watu wanavyoishi hautoshi kuthibitisha, na wenye elimu hawaandiki chai kama dawa.

Tukigeuka nyuma tutaona kwamba sifa hii ya mnywaji wa chai ina historia, tena historia inayopita karibu na mlango wa Ushirika. Katika miaka ya 1830, katika mji wa Preston, kaskazini ya Uingereza, wafanyakazi waliochoshwa na balaa ya ulevi waliungana kuacha vileo vyote, na mahali pa karamu za pombe wakaweka karamu za chai. Ndipo mtu wa chai alipojulikana kuwa mtu wa nidhamu. Miaka michache baadaye, mwezi Desemba 1844, katika mji wa Rochdale, usio mbali na Preston, wale mafundi ambao sisi wanaushirika twawaita waasisi wetu walifungua duka lao dogo la unga, siagi, sukari na mishumaa. Haikupita miezi mingi wakaongeza bidhaa nyingine mbili: chai na tumbako. Tafadhalini liwekeni moyoni jambo hilo. Chai na tumbako ziliingia pamoja katika duka la kwanza la Ushirika wetu, zikakaa ubao mmoja, na mwanachama akachagua mwenyewe. Kama chai peke yake ingetosha kumfanya mtu awe mtunza afya, tumbako ingeozea dukani.

Na sasa tuje kwetu. Je, hayo ya Paris yaweza kusemwa juu ya Tunduma, Vwawa, Mlowo au Itumba? Sisi twaona hayawezi, na sababu yake ni moja. Mtu wa Paris huchagua. Nchi yake ni nchi ya kahawa, na anayeiacha kahawa akashika chai amefanya uamuzi, na uamuzi huo huenda umetoka katika tabia ya kujifikiri. Huku kwetu hakuna uamuzi. Chai ilijaribiwa kupandwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, ikafuata Rungwe mwaka 1904. Ikawa zao la biashara tangu mwaka 1926. Na leo jirani zetu wa Rungwe wanaichuma mlangoni petu. Imeenea hata imekuwa kinywaji cha kila mtu. Anayejitunza huinywa, na asiyejitunza huinywa. Dereva wa lori aliye katika foleni ya Tunduma akingoja kuvuka kwenda Nakonde huinywa ili asisinzie, sigara ikiwa katika mkono wa pili. Mwalimu huinywa, mgonjwa huinywa, mlevi huinywa asubuhi ili kutuliza kichwa cha jana. Kitu kinachofanywa na wote hakiwezi kuwa alama ya wachache.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, ukituuliza kama mnywaji wa chai wa Mkoa wa Songwe ni mtunza afya, jibu letu ni kwamba kikombe hakituambii. Lakini namna ya kukinywa yatuambia mengi. Tutazame mambo manne: maji, sukari, moto na wakati.

Kwanza, maji. Hapa ndipo chai ilipotufanyia wema mkubwa tusioutambua. Kikombe cha chai ni kikombe cha maji yaliyochemshwa. Kipindupindu kilipozuka nchini mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi, aliyekunywa chai ya moto hakuupata ugonjwa kutokana na maji ya chai ile. Lakini sifa hiyo ni ya moto, si ya jani. Kama katika nyumba chai huchemshwa lakini maji ya kunywa huchotwa mtoni na kunywewa vivi hivi, nyumba hiyo imejilinda asubuhi na kujifungua mchana. Tena, katika migahawa yetu mingi, vikombe husuuzwa katika beseni moja la maji ya baridi kutwa nzima. Chai safi ikimiminwa katika kikombe kichafu huwa ni kazi bure. Mtunza afya ni yule ambaye, akichemsha maji ya chai, huchemsha pia ya mtungi, na hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika kitafunwa.

Pili, sukari. Hapa twaomba mtusikilize kama mnavyomsikiliza karani wa mizani, kwa sababu ni hesabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isifike sehemu moja katika kumi ya nguvu zote za chakula cha mtu, yaani, kwa mtu mzima wa kawaida, gramu 50 hivi kwa siku. Na ikiwezekana iwe nusu ya hiyo, gramu 25. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu 4 hivi. Mtu anywaye vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vinne, amekula gramu 48 kabla hajagusa soda wala andazi. Kwa mwaka ni kilo 17 na nusu. Nyumba yenye wanywaji watano wa namna hiyo humaliza karibu kilo 88, yaani gunia zima la kilo 50 na kilo 38 juu yake. Mwanachama ambaye hulalamika, tena kwa haki, mizani ikikosea kilo moja ya kahawa yake, na aipime pia sukari inayoingia mwilini mwake bila karani wala stakabadhi.

Madhara yake hayaji siku moja. Huja kwa meno kuoza, kwa uzito kupanda, na mwisho, kwa baadhi yetu, kwa kisukari chenye kula mguu na macho. Ugonjwa huo zamani ulidhaniwa kuwa wa matajiri wa mjini. Leo mkulima naye huupata. Lakini tazameni ilivyo rahisi: mtu yule yule wa vikombe vitatu, akitia vijiko viwili badala ya vinne, amefika gramu 24, nao ni chini ya kile kipimo kilicho bora. Hakuacha chai, hakununua dawa, na nusu ya fedha ya sukari imebaki mfukoni.

Tatu, moto. Jambo hili ndilo lililotusukuma kuchagua mazungumzo haya, kwa maana wengi hawalijui. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba kunywa kinywaji chochote cha moto sana, yaani kinachopita nyuzi 65 za joto, huenda kukaleta saratani ya umio, ile njia ya chakula itokayo kooni kwenda tumboni. Halikusema chai, wala kahawa, lilisema moto. Mwaka 2019 yakatangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu wapatao 50,000 wa Golestan, kaskazini ya Iran, ambako watu hupenda chai kama sisi. Waliokunywa mililita 700 au zaidi kwa siku, chai ikiwa ya nyuzi 60 au kuzidi, hatari yao ya kupata saratani hiyo ilizidi kwa asilimia 90 kuliko wanywao kidogo na kwa joto la chini.

Mtu asidhani kwamba hayo ni ya Iran tu. Saratani ya umio imeshika sana upande huu wa mashariki ya Afrika, toka Ethiopia na Kenya, ikapita Tanzania na Malawi, hata kusini kabisa. Sisi tuko katika mstari huo. Ndugu zetu wa Isongole wakitazama ng'ambo ya mto Songwe waiona Malawi. Mwaka 2015 ulitangazwa uchunguzi wa mkoani Kilimanjaro, ambako watu walipimiwa joto la chai wakati wa kuanza kuinywa. Wastani ulipita nyuzi 70. Hatuna sababu ya kudhani kwamba makoo ya Songwe ni ya chuma. Huku kwetu, kwa ajili ya mwinuko wa nchi, maji huchemka yapata nyuzi 95. Basi chai ishukapo motoni imekwisha kuupita mpaka ule kwa nyuzi 30.

Nasi tuna mambo matatu yanayozidisha hatari. La kwanza ni baridi ya asubuhi, ambayo hutufanya tuitamani chai inayounguza. La pili ni kuchemsha maziwa pamoja na chai. Mwingereza hutia maziwa baridi katika kikombe, na chai yake hupoa. Maziwa yetu hutoka katika sufuria ile ile, wala hayapozi kitu. La tatu ni chupa ya chai. Hicho ni chombo chema, lakini kazi yake ni kuhifadhi moto, naye anayemimina kutoka katika chupa na kunywa papo hapo hunywa moto ule ule wa jikoni. Kadhalika wale wanaokaa kuzunguka chungu cha kimpumu, wakitia maji ya moto na kufyonza kwa mrija, wasijione wamesalimika kwa sababu si wanywaji wa chai. Umio haulizi jina la kinywaji.

Dawa yake haina gharama: ni kungoja. Mimina, kisha acha dakika tano, zungumza na jirani yako. Ikiwa huwezi kushika funda mdomoni bila kulivuta pamoja na pumzi, chai hiyo bado si ya kunywa. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Na tunadhani neno hilo linafaa kuandikwa juu ya kila chupa ya chai. Tena twaomba, mtu akianza kuona ugali wapita kwa shida, akalazimika kusukuma kila tonge kwa maji, asikae nyumbani akisema ni koo la mafua. Aende hospitali mapema. Wengi hufika huko wakati hata uji haupiti, na mganga hana la kufanya isipokuwa kutuliza maumivu.

Nne, wakati. Chai ina kitu kiitwacho tanini, ndicho kinachoipa ule ukali. Tanini hushikamana na madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mboga za majani na nafaka, na kuyazuia yasiingie katika damu. Mtu anayekula nyama kila siku haoni taabu sana. Lakini sisi tunaotegemea maharage na mchicha twaipoteza sehemu njema ya chakula tulichokilima wenyewe. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na kwa watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa asilimia 58. Hatusemi kwamba chai ndiyo iliyoleta hayo. Malaria na minyoo na njaa ya siri zina sehemu kubwa. Lakini mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, akavisukuma kwa chai, huvipunguzia nguvu vidonge hivyo. Na avimeze kwa maji, na chai aingoje saa moja baada ya chakula. Mtoto mdogo naye asishibishwe kwa chai na kipande cha mkate. Mpeni uji wa ulezi uliotiwa karanga, mpeni maziwa, mpeni yai. Na aliye mzito wa kupata usingizi asinywe chai jioni, maana ina kafeini kama kahawa, ingawa ni pungufu.

Hapo tukumbuke na kahawa yetu, isije ikaonekana kwamba Katibu wa wakulima wa kahawa ameisaliti. Wale wanywaji wa kahawa wa Paris walikuwa wavuta sigara, na ni haki kuulaumu moshi kabla ya kuilaumu buni. Tena Shirika lile la Lyon, ambalo mwaka 1991 liliitia kahawa katika orodha ya vitu vya kutiliwa shaka, liliiondoa humo mwaka 2016, baada ya kuona kwamba ushahidi hautoshi. Kahawa na chai ni ndugu wawili. Kila mmoja aweza kuwa rafiki, na kila mmoja aweza kuharibiwa kwa sukari, kwa moto na kwa sigara inayofuatana naye.

Ndugu Wanachama, tumefika kwenye shauri. Tulikwisha kusema kwamba daftari ni alama ya mkulima. Je, hatuwezi kuifanya chai ya Ushirika iwe alama ya Ushirika? Kila mwaka Chama hiki na vyama vyake vya msingi hunywesha watu wengi sana, katika mikutano, katika vikao vya bodi na siku za malipo. Kwa heshima kubwa twaleta mbele yenu maombi manne, ili yafikiriwe.

Ombi la kwanza: chai ya mikutano yetu ipikwe bila sukari, na sukari iwekwe mezani kwa kijiko kidogo, kila mtu ajitilie. La pili: chai imiminwe kabla ya dua na kusomwa kwa muhtasari, ili inaponyweka iwe imepoa. La tatu: badala ya maandazi peke yake, pawepo viazi vitamu, magimbi, mayai na karanga, tena vinunuliwe kwa wanachama wenyewe. La nne: kila kituo cha kununulia kiwe na ndoo ya bomba na sabuni, na vikombe vioshwe kwa maji ya moto.

Tunajua lipo neno moja litakalopingwa. Wazee wetu watasema kwamba kumletea mgeni chai isiyo na sukari ni kumtukana, na kwamba ukarimu wa Mnyiha, wa Mnyamwanga au wa Mndali hupimwa kwa utamu wa kikombe. Twaiheshimu desturi hiyo. Miaka ya dhiki, sukari ilipokuwa adimu, mwenye nyumba aliyeitoa akiba yake kwa ajili ya mgeni alifanya tendo la upendo. Lakini sasa sukari inapatikana katika kila kibanda, na upendo wafaa utafute njia nyingine ya kujionyesha. Bakuli la sukari lililojaa likiwekwa mbele ya mgeni, naye akaachiwa mkono wake, amenyimwa nini? Amepewa sukari, na pamoja na sukari amepewa hiari. Naye mwenye kisukari, aliyekuwa akiona haya kukataa kikombe alichotiliwa, atakunywa pamoja nasi bila kujificha. Ukarimu wa namna hiyo ni mkubwa zaidi.

Bwana Mwenyekiti, Chama chetu kimetimiza miaka kumi. Miaka mingine kumi ikifika, tunataka wale waliokaa viti vya mbele leo wawe bado wamekaa viti vya mbele, wakiwa na meno yao, miguu yao na sauti zao za kubishana juu ya bei. Hilo halitaletwa na chai, wala halitazuiwa na chai. Litaletwa na mtu anayejua kikombe chake kina nini, kina moto gani, na anakinywa saa ngapi. Tukiwa watu wa namna hiyo, siku moja mgeni ataweza kusema kwa kweli kwamba wanywaji wa chai wa Songwe ni watunza afya.

Chai iliyoko mbele yenu sasa imekwisha kupoa vya kutosha. Karibuni mnywe.

Udumu Ushirika wetu.